Mafuta mazito ya bangi ya dawa: pima kwanza ndipo umeze

Bint wa Ngamiani (#1)

Wakuu, salaam.

Haipiti wiki humu ndani bila mtu kuuliza kuhusu yale mafuta meusi ya bangi yanayouzwa ndani ya bomba la sindano, na jibu la kwanza huwa lile lile: "anza na tone la ukubwa wa punje ya mchele." Nimelijibu kwenye nyuzi za watu mpaka nimechoka. Leo nafungua wangu.

Mimi ni msaidizi wa mfamasia, naishi Calgary, Kanada. Huku bangi ya dawa ni halali kwa karatasi ya daktari tangu 2001, na ya starehe tangu Oktoba 2018. Nyumbani ninaye mama mkwe, yuko kwenye kemo, yaani dawa kali za saratani, na daktari wake alimwandikia mafuta haya baada ya dawa za kawaida za kuzuia kutapika kutofua dafu. Mlioko Bongo, Kenya na kwingineko ambako ni kosa la jinai, someni kama elimu tu. Najua wengi wenu mna ndugu nje wanaoyatumia, na wengine wao wanataka kuwatumieni kwa posta. Hilo tutalifikia.

Kwanza kilichomo. Majani ya bangi ya dukani huku huwa na THC asilimia 15 hadi 25 hivi. THC ndiyo inayolewesha. Mafuta mazito ni utomvu wenyewe baada ya kuondolewa makapi yote, kwa hiyo lebo inaweza kusoma asilimia 60, 70, hata 80 na ushee. Gramu moja ya mafuta ya asilimia 70 ina miligramu 700 za THC. Sasa, mtu mzima ambaye hajawahi kutumia huanzishiwa miligramu 2.5. Mzee au mgonjwa aliyedhoofu huanzishiwa 1. Bomba moja la gramu 1, unalolifumba kiganjani lisionekane, lina dozi 280 za kuanzia.

Ukishalijua hilo, rudi kwenye punje ya mchele. Tone la ukubwa huo lina mafuta kati ya miligramu 15 na 25, kutegemea kichwani una mchele wa Kyela au basmati. Kwa mafuta ya asilimia 70, hapo una THC miligramu 10 hadi 17, yaani dozi ya kuanzia mara nne mpaka mara saba. Wanaosema "basi chukua nusu punje" bado wako mara mbili na zaidi. Na unakadiria kwa jicho kitu kinachonata kwenye ncha ya bomba kama lami ya saa saba mchana.

Hesabu hii ya punje imetoka kwa Rick Simpson, Mkanada wa Nova Scotia, anayesema kwamba mwaka 2003 alijipaka mafuta haya akapona saratani ya ngozi. Ratiba yake ni gramu 60 kwa siku 90: unaanza kidogo, unaongeza mara dufu kila baada ya siku chache. Kwa mafuta ya asilimia 70 hiyo ni wastani wa THC miligramu 460 na ushee kwa siku. Jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali lilipotoa mwongozo wa bangi kwa maumivu sugu mwaka 2021, liliweka ukomo wa miligramu 40 kwa siku, na kabla ya kuuvuka uonane na bingwa. Linganisheni wenyewe.

Na kuponya saratani? Hakuna jaribio la kitabibu kwa binadamu lililoonyesha kwamba mafuta haya yanaiponya. Chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, ASCO, kilisema wazi mwaka 2024: bangi isitumike kama tiba ya saratani yenyewe nje ya utafiti. Mwongozo huo huo unakubali itumike kwa kichefuchefu cha kemo kilichoshinda dawa za kawaida, hasa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa THC na CBD, kemikali nyingine ya bangi, isiyolewesha. Huko Australia walilijaribu hilo kwa vidonge vya miligramu 2.5 za THC na 2.5 za CBD mara tatu kwa siku, pamoja na dawa za kawaida. Waliomaliza duru ya kemo bila kutapika wala kuhitaji dawa ya ziada walikuwa asilimia 25, dhidi ya 14 kwa waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Inasaidia, ila si muujiza.

Namna tunavyopima nyumbani:

Soma lebo. Bidhaa halali ya Kanada ina alama nyekundu ya pembe nane yenye jani, na lebo ikiwa na namba mbili za THC, moja huandikwa THC, nyingine jumla ya THC. Watu wengi huziruka hapa. Ikiwa ya kwanza ni ndogo na ya pili kubwa sana, mafuta hayajapitishwa kwenye joto, bado yako katika hali ya asidi, na ukiyameza hivyo yatalewesha kidogo tu. Hapo ndipo mtu husema "haya mafuta feki", kisha anapata bomba jingine lililokwisha kupashwa, anatumia kipimo kile kile, anaanguka. Namba zote mbili zikikaribiana, yako tayari kumezwa.

Kisha punguza ukali. Kama huna sababu ya msingi ya kutaka mafuta mazito, nunua yaliyokwisha kuchanganywa kiwandani, yenye miligramu 25 au chini kwa kila mililita, uachane na shughuli hii yote. Sisi tuliletewa mazito, kwa hiyo tuliyazimua. Bomba likiwa na kifuniko linasimamishwa kwenye kikombe cha maji ya moto yasiyochemka, dakika tano, mpaka mafuta yaanze kutembea. Unayasukumia kwenye chupa ya kioo cheusi yenye vipimo, unavuta mafuta ya zeituni vuguvugu kwa bomba lile lile na kuyarudisha mara kadhaa ili ukombe yaliyoganda ukutani, halafu unajaza mpaka mstari wa mililita 28. Koroga mpaka rangi iwe moja. Miligramu 700 ndani ya mililita 28 ni 25 kwa mililita moja. Kwa bomba la kunyweshea watoto dawa, lile la mililita 1 lisilo na sindano, kila mstari wa 0.1 ni miligramu 2.5. Mama mkwe alianza na 0.04, ambayo ni miligramu 1, na miwani puani, akiniambia kupima kwangu kunamkumbusha mwuza dhahabu.

Mafuta ya nazi ya kawaida achaneni nayo kama mko kwenye baridi. Chini ya nyuzi 24 yanaganda, na kilichoganda huwezi kukipima. Chupa iandikwe kilichomo, kiasi kwa mililita, na tarehe, maana jikoni mafuta yote yanafanana. Itikise kila unapotumia.

Jambo la mwisho, na ndilo linalowaangusha wengi: muda. Ukivuta, unajua ndani ya dakika chache. Ukimeza, dalili huanza baada ya nusu saa hadi saa mbili, hufika kileleni kati ya saa ya pili na ya nne, na huweza kukaa saa sita, nane, hata zaidi. Ini hubadilisha THC kuwa kitu kingine chenye nguvu kuliko hiyo yenyewe. Kwa hiyo dozi ya usiku huu ni moja. Usipohisi kitu, lala. Kaa na kipimo hicho hicho angalau siku mbili ndipo uongeze miligramu 1 hadi 2.5, na uandike kwenye daftari saa, kipimo, ulikula nini na ulilalaje. Chakula chenye mafuta huongeza kiasi kinachoingia mwilini, hivyo usinywe leo kwa chai kavu na kesho kwa pilau ukategemea matokeo yale yale.

Maswali karibuni. Muuzaji akiingia humu namripoti.

Mkaa Pembeni (#2)

Dada, umeandika vizuri, lakini si ndiyo mnaanza hivi hivi? Leo dawa ya mama mkwe, kesho vijana wa mtaani wanasema nao ni wagonjwa. Huku kwetu ndumu ni ndumu, iwe jani iwe mafuta. DCEA, wale wa mamlaka ya dawa za kulevya Tanzania, hawatakuuliza kama una kichefuchefu.

Rasi Mlimani (#3)

Mkaa Pembeni acha woga wa kikoloni. Mjani ni mmea wa asili, hakuna mtu aliyewahi kufa kwa mjani. Hata UN waliutoa kwenye orodha 2020. Rwanda wamehalalisha. Hizo miligramu 2.5 ni za watoto, mimi naweza kulamba bomba zima.

Bint wa Ngamiani (#4)

Rasi, twende polepole kaka. Desemba 2020 tume ya UN ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi kwenye jedwali la nne la mkataba wa 1961, lile la vitu vibaya kabisa visivyo na faida ya kitabibu. Ilibaki jedwali la kwanza, kwenye udhibiti, pamoja na mofini. Rwanda waliruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa kuuza nje. Ukikutwa nayo Nyabugogo unalala ndani kama zamani.

Mkaa Pembeni, nakubaliana na wewe kuhusu sheria, na ndiyo maana nimeandika nilivyoandika. Ila mgonjwa aliyekwisha kuwa na bomba mkononi, ukinyamaza atapima kwa punje ya mchele.

Papa Safari (#5)

Bandugu jambo. Miye niko Montréal. Huyu anayesema atalamba bomba zima, acha nimwelezee ya shemeji yangu.

Mgongo ulikuwa unamuuma sana, akapewa haya mafuta na rafiki wa kazi, hayana lebo, hayana kitu. Akapaka kidogo kwenye mkate, akakula. Baada ya dakika arobaini anasema "hii ni uongo, hakuna kitu". Akapaka tena, safari hii sana. Tukaendelea kuangalia mpira. Kipindi cha pili kinaanza, mutu anasimama kwenda choo, harudi. Tunamukuta amekaa chini kwenye vigae, jasho, midomo mikavu, anashika kifua, anasema roho inatoka, niitie padri. Mapigo ya moyo unayaona kwenye shingo. Na yeye anakunywa dawa ya presha!

Tuliita ambulansi. Hospitali walimwekea mashine ya moyo, wakamupa maji ya dripu, wakakaa naye mpaka asubuhi. Dawa ya kuifuta hakuna, ni kungoja tu. Hakufa, ni kweli. Lakini kama angekuwa na moyo mubovu sijui tungekuwa tunasema nini leo.

Rasi Mlimani (#6)

Huyo alikuwa hajazoea.

Bint wa Ngamiani (#7)

Rasi, wagonjwa wengi wanaoandikiwa mafuta haya hawajazoea. Ndio tunaowazungumzia.

Papa Safari asante sana, mlifanya sawasawa. Niongeze kwa wengine. Mtu mzima aliyezidisha lakini yuko macho na anaongea: mweke mahali tulivu, mlaze kwa ubavu kama anatapika, mpe maji kidogo kidogo, msimwache peke yake, na mwambieni itapita. Asiendeshe gari mpaka kesho yake. Huku sheria inaanza kukuhesabia kosa damu ikiwa na nanogramu 2 tu za THC kwa mililita, na kwa mtumiaji wa kila siku hizo zinaweza kukaa muda mrefu baada ya ulevi kwisha. Kifua kikibana, akizimia, akichanganyikiwa kabisa, akipata degedege au akishindwa kuamshwa, hospitali bila kujadiliana. Mwambieni daktari ukweli wa alichomeza.

Mtoto ni hadithi nyingine. Mtoto mdogo akilamba mafuta haya usingoje dalili, kimbia naye. Kwa watoto si kucheka na njaa. Wanaweza kupoteza fahamu na kupumua kwa shida. Kwetu chupa iko kwenye kisanduku cha kufuli juu ya kabati, na peremende za bangi haziingii ndani ya nyumba hii kabisa.

Wasiotakiwa kuyagusa mafuta haya: mjamzito, anayenyonyesha, mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili yeye au ndugu wa damu, na mwenye moyo usiotulia. Wazee nao waangaliwe usiku. Presha hushuka wanaposimama ghafla kwenda chooni, na nyonga iliyovunjika ni mbaya kuliko kichefuchefu.

Nahodha Kilindini (#8)

Dada nashukuru kwa uzi. Mimi niko Mombasa. Mamangu ana saratani ya matiti, yuko kwenye kemo, na kila akitoka kupigwa dripu atapika siku tatu mfululizo hata maji hayakai. Pia ana warfarini ya damu iliyoganda mguuni. Nimepata mtu WhatsApp auza hayo mafuta kwenye sirinji, asema ni ya kutoka Uholanzi na yaponya kansa hatua ya nne. Bei yake ni mshahara wangu wa miezi miwili. Nshaambiwa na watu watatu nichukue. Mwanishauri vipi?

Mfamasia wa Zamu (#9)

Nahodha, pole kwa kumuuguza mama. Mimi ni mfamasia, nipo Dar. Usinunue, na nitakwambia sababu bila kukuhubiria.

Hujui kilichomo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD wakazipima: zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo ni asilimia 31 tu, na bidhaa 18 kati ya zote 84 zilikuwa na THC. Hiyo ni Marekani, kwenye maduka yenye tovuti na anwani. Sirinji ya WhatsApp inaweza kuwa na THC asilimia 80 au asilimia sifuri. Pia mafuta haya hutengenezwa kwa kuyeyushia majani kwenye spiriti au vimiminika vya petroli. Kiwandani wanayapima kuhakikisha hayajabaki. Anayepikia jikoni ananusa tu. Na jiko lenye mvuke wa petroli huwaka, wapo waliochomeka.

Kubwa zaidi ni warfarini. CBD na THC hupunguza kasi ya ini kuivunja, kwa hiyo hujilimbikiza na damu huwa nyepesi kupita kiasi. Kuna wagonjwa walioripotiwa INR zao, yaani kipimo cha wepesi wa damu, kupanda baada ya kuanza bangi. Mama anayetapika na asiyekula tayari INR yake inayumba. Ukimwongezea hiyo unaweza kumletea kutokwa na damu tumboni.

Nitaje na dawa nyingine kwa wanaosoma. Rifampisini ya TB hushusha kiwango cha THC na CBD mwilini, kwa hiyo mgonjwa anaongeza dozi, akimaliza TB dozi ile ile inamwangusha. Ketokonazoli ya fangasi hupandisha, na ritonavir kwa wanaotumia ARV zilizo nayo inatarajiwa kufanya hivyo pia. Takrolimasi ya waliopandikizwa figo hupanda ukiweka CBD. Mofini, dawa za usingizi na pombe huzidisha kusinzia. Walio kwenye tiba ya saratani inayoamsha kinga ya mwili (immunotherapy) wamuulize daktari wao kwanza kabisa, maana tafiti za Israel zilikuta waliotumia bangi waliitikia tiba hiyo vibaya zaidi. Zilikuwa tafiti za kufuatilia tu, si ushahidi wa mwisho, lakini mimi nisingeichezea tiba ya bei ile.

Sasa la kufanya kesho. Muulize daktari mama anapewa nini cha kuzuia kutapika. Mara nyingi utakuta ondansetroni peke yake. Ziko nyingine za kuongezea: deksamethasoni, na olanzapini, ambayo asili yake ni dawa ya magonjwa ya akili lakini kwa kutapika kwa kemo imethibitishwa kwenye majaribio makubwa, na ni ya bei nafuu. Hata hapo Kanada kwa Bint wangejaribu hizo kabla ya bangi.

Bint wa Ngamiani (#10)

Ndivyo hasa. Mama mkwe alipitia zote hizo kwanza.

Nahodha Kilindini (#11)

Olanzapini sijawahi kuisikia. Naandika. Na maumivu ya mgongo? Alalamika usiku.

Mfamasia wa Zamu (#12)

Maumivu mapya ya mgongo kwa mwenye saratani ya matiti yaseme waziwazi, usiyaache mwishoni mwa mazungumzo. Wanaweza kutaka picha ya uti wa mgongo. Akianza kudhoofika miguu au kushindwa kuzuia mkojo, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kwa kuyatuliza, ulizia huduma ya tiba shufaa, ile ya hospisi. Kenya mnayo tangu Nairobi Hospice ilipoanzishwa 1990, na hospitali nyingi kubwa zina kitengo. Wana mofini ya maji ya kunywa. Uganda dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993 akaijenga huduma yake juu ya mofini hiyo hiyo, unga unaochanganywa na maji. Watu wanaiogopa kwa jina, wanakimbilia sirinji ya WhatsApp isiyo na jina lolote.

Umm Layla (#13)

Asalaam alaikum. Mie nipo Maskati, asili Unguja. Binti yangu ana kifafa, anaanguka hata skuli. Dada yangu yupo London ananiambia CBD hailewishi, anataka kuniletea vichupa akija. Hii nayo ni mambo ya mafuta haya haya?

Bint wa Ngamiani (#14)

Waalaikum salaam dada. Mwambie asithubutu. Nchi za Ghuba haziangalii kama kinalewesha au hakilewishi. Mafuta yametoka kwenye bangi, basi. Akishikwa uwanjani utakuwa na kesi ya dada juu ya ugonjwa wa mtoto.

Ila swali lako lina maana. CBD ya kifafa ipo kweli, inaitwa Epidiolex, Marekani waliiidhinisha Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut, na baadaye kwa ugonjwa wa vivimbe vya tuberasi sklerosisi. Ni CBD iliyosafishwa, miligramu 100 kwa mililita. Huanzwa kwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya mtoto, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 ni miligramu 100 kwa siku, na bado hapo ni kuanza tu. Kichupa cha dukani London mara nyingi kina 300 zote ndani. Kitakwisha kwa siku tatu. Kwa hiyo hata angekuvusha salama, ungempa matone yasiyofika popote.

Na hiyo ya kweli ina masharti yake: inapandisha kiwango cha klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, mpaka mtoto analala darasani, na ikikutana na valproeti, nayo ya kifafa, vipimo vya ini vinaweza kupanda, hivyo damu hupimwa kabla na baada ya kuanza. Muulize daktari wake wa neva kama aina ya kifafa chake inaihusu. Dawa alizonazo usizipunguze hata nusu kidonge.

Umm Layla (#15)

Ahsante. Anatumia hiyo valproeti. Nitamwambia dada alete khanga.

Mkaa Pembeni (#16)

Nina swali kwa Bint, maana na mimi ninaye kaka Toronto. Anasema ana karatasi ya daktari, kwa hiyo anaweza kuja nayo likizo Moshi. Kweli?

Bint wa Ngamiani (#17)

Si kweli. Karatasi ya daktari wa Kanada inaishia mpakani. Kutoka nayo ni kosa hapa, na kuingia nayo Tanzania ni kosa huko, chini ya sheria ya 2015. Hata akiwa kiti cha magurudumu. Wanaosafiri tunawaambia wazungumze na daktari wiki kadhaa mapema, apange dawa mbadala ya kichefuchefu au maumivu kwa muda wa safari. Aliyezoea kutumia kila siku akiacha ghafla anaweza kukosa usingizi, kukasirika ovyo na kupoteza hamu ya kula kwa siku kadhaa, kwa hiyo apunguze taratibu kabla ya kupanda ndege.

Na mkiona mtu anayeyatumia miaka na miaka ameanza kutapika mfululizo, na nafuu yake ni kukaa kwenye maji ya moto bafuni, huo ni ugonjwa unaoletwa na bangi yenyewe. Wengine huongeza dozi wakidhani wanatibu kutapika. Dawa ni kuacha.

Tiba Asili Original (#18)

Habari ndugu, kwa mafuta ORIGINAL 100% yasiyo na kemikali, kansa kisukari presha nguvu za kiume, njoo inbox tunatuma mikoa yote

Msimamizi wa Jukwaa (#19)

Akaunti ya #18 imefungwa. Wanaopokea ujumbe wa siri kutoka kwake wabonyeze kitufe cha kuripoti.

Nahodha Kilindini (#20)

Wakuu nimerudi. Tulikuwa na mamangu kliniki. Nilimpa daktari karatasi yenye dawa zote. Yule wa WhatsApp nimemzuia. INR walipima ikawa juu kidogo hata bila hayo mafuta, wameshusha warfarini. Mgongo waenda kupigwa picha Jumatano. Olanzapini wameongeza, ameze usiku. Duru hii hakutapika ila siku ya pili, mara moja. Lakini alala sana, hata adhuhuri nimemuamsha kwa kumtikisa. Ni kawaida?

Mfamasia wa Zamu (#21)

Habari njema hiyo. Usingizi ni wa olanzapini, umezoeleka, hasa siku mbili za mwanzo. Angalia kwenye pakiti: imeandikwa 5 au 10?

Nahodha Kilindini (#22)

10.

Mfamasia wa Zamu (#23)

Pigia kliniki leo, waambie analala mpaka adhuhuri na kuamka ni kwa kutikiswa, uulize kama wanaweza kumpa 5. Kwa wazee wengi 5 inatosha na kusinzia kunapungua. Usikate kidonge mwenyewe kabla hawajakujibu. Akiamka mwache akae kitandani kidogo ndipo asimame, na mshike mkono mpaka msalani.